Kisanduku cha Mwaka Kikiwa Kitupu

1

"Baba," binti yangu aliniambia kwenye simu, "kadi yangu inasema moyo wa bibi ni wa kwangu."

Nikacheka. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya mfumo mpya, nami nilikuwa nimesimama katikati ya ukumbi wa Maktaba ya Masokelo nikiwa ndani ya suti. Mwenyekiti wa Kamati ya Uteuzi wa Mfumo hana budi kuvaa suti siku ya uzinduzi, hata kama inambana makwapani.

"Soma vizuri, mama," nikamwambia. Ana miaka saba na amepewa jina la mama yangu mzazi, Tusekile. Kwa hiyo mimi humwita mama, na mama yangu, ambaye tunaishi naye, humwita somo.

Akasoma. Ni mtoto wa mkutubi, hasomi kwa kubahatisha. "Tusekile Mwaisaka. Msomaji mmoja. Vifaa vya uhai viwili: pafu namba mia mbili na nne, pampu ya moyo namba kumi na saba. Kanuni ni msomaji mmoja, kifaa kimoja. Kifaa kilichoazimwa zamani zaidi kitajifunga leo saa sita mchana." Akauliza: "Baba, cha zamani si ndicho cha bibi?"

Kicheko kikanikauka. Nikashika ukingo wa meza ya kuazimisha.

"Mwambie bibi avae viatu," nikasema. "Njooni maktaba sasa hivi. Asikimbie, lakini msikawie."

Mtu wa kutoka mbali angeuliza maktaba na moyo wa bibi vinahusiana nini. Vinahusiana tangu Mfuto, miaka kumi na minane iliyopita, wiki ile seva zote za nchi zilipoamka tupu. Vizazi, viwanja, hospitali, vyote vilikwenda. Kilichosalia ni masanduku ya mbao ya maktaba yenye kadi za karatasi ambazo watu walikuwa wakituchekea kwa kuzitunza: jina, ukoo, nyumba, dole gumba. Nchi ikaanza upya kutoka kwenye kadi zetu. Leo ukitaka maji, shule au dawa, unaonyesha kadi ya maktaba. Na kwa kuwa sisi ndio tuliojua kuazimisha kitu na kukifuatilia mpaka kirudi, tukakabidhiwa na vifaa vya uhai pia. Vumbi la machimbo ya Masokelo halibagui mtu. Wengi wetu tukifika hamsini mapafu yanagoma, na kuna watoto wanaozaliwa nayo yamegoma tayari, kama binti yangu. Unakuja mezani kwetu, unaazima pafu, na kila siku saa sita mchana mfumo unalituma pafu hilo neno moja tu: endelea.

Lisipolipata neno hilo, linajifunga.

Feruzi, fundi wa kampuni iliyotuuzia mfumo, alikuwa mbele ya skrini kubwa akirekebisha maua ya uzinduzi. Ni kijana wa Pwani, mpole, mwenye kauli za ubembelezi. Nilipomwambia alichosoma mwanangu alitabasamu, akagusa kioo, akatafuta, na tabasamu lile likamtoka taratibu.

"Mwenyekiti," alisema, "mfumo umeunganisha rekodi rudufu usiku kucha, kama mlivyoagiza. Watu waliounganishwa wakiwa na vifaa viwili vya uhai ni... jozi kumi na tisa."

"Watu?" nikasema. "Mimi niliagiza vitabu!"

 Alifungua hati ya mahitaji, akaishusha mpaka kifungu cha arobaini na moja, akasogea pembeni ili nisome mwenyewe. Sikuhitaji kukisoma. Nilikiandika mimi.

2

Kamati yetu ilikaa miezi minane. Mkutubi ni mtu anayeweza kugombana wiki nzima juu ya nukta, na sisi tulikuwa wakutubi watano. Tuliandika mahitaji mia moja na sita, kila moja tukaligongea muhuri wa Lazima, Inafaa au Si Lazima. Tukaita mifumo mitatu tuipime. Wa kwanza ulijua vitabu haukujua watu. Wa pili ulijua watu, ukashindwa kutofautisha kitabu na gazeti. Wa tatu, huu wa kina Feruzi, ulikuwa mmoja kwa kila kitu: vitabu, wasomaji na vifaa katika ghala moja, kwa kanuni moja. Tulipiga makofi. Tulikuwa tumechoka kuingiza taarifa ileile mara tatu.

Kero yangu mimi ilikuwa katalogi. Kitabu kimoja cha kilimo cha pareto kilikuwa na rekodi kumi na moja, kwa sababu nakala nyingi zilikuwa zimechanika ukurasa wenye mwaka wa kuchapwa, na kila mkutubi aliyepita alikiona kipya. Nikaandika kifungu cha arobaini na moja kwa furaha kabisa: jina, ukoo na mahali vikilingana, na kisanduku cha mwaka kikiwa kitupu, mfumo usihesabu utupu huo kuwa tofauti, uunganishe bila kuuliza. Kwa "ukoo" nilimaanisha ukoo wa vitabu, yaani mfululizo. Kwa "mahali" nilimaanisha rafu. Kanuni ikawa moja kwa kila kitu, kama tulivyotaka, na ikaingia majumbani mwa watu.

Masokelo kila nyumba ina mtoto aliyerithi jina la babu au bibi. Na wazee wetu hawaujui mwaka wao wa kuzaliwa. Ofisi nyingine huwaandikia tarehe mosi Julai ya mwaka wa kukisia na kazi inaendelea. Bi Melania wa meza ya kuazimisha alipendekeza nasi tufanye hivyo. Mimi nikamjia juu. Mkutubi hatungi tarehe, nikamwambia. Asiyejua mwaka aache kisanduku kitupu. Nilijiona mwadilifu sana siku ile.

Siku ya majaribio Feruzi aliomba sampuli ya rekodi za wasomaji. Nikamnyima. Siri ya msomaji haitoki nje ya maktaba, nikasema, na kamati nzima ikatikisa kichwa kwa kukubali. Akajaribu mfumo kwa vitabu elfu moja tu, vikaungana vizuri ajabu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini mimi niliingia na mama yangu mkononi na binti yangu mgongoni.

3

"Uzime," nilimwambia Feruzi. "Uzime sasa hivi, turudi kwenye ule wa zamani."

"Ule wa zamani mliufuta Ijumaa, Mwenyekiti. Na nikizima huu, saa sita hakuna kifaa kitakachotumiwa neno. Vipo mia sita na kumi na viwili mjini."

"Si kuna siku za nyongeza? Kitabu kikichelewa tunampa mtu siku tatu!"

Akashusha hati tena. Siku za nyongeza kwa vifaa: Si Lazima. Sahihi tano, yangu juu kabisa.

Njia iliyobaki ilikuwa moja. Jozi moja moja, watu wenyewe wawili waje waweke madole gumba juu ya kioo kwa pamoja, mfumo uwasome damu na mapigo, kisha mkutubi atamke kwamba hawa ni wawili. Dakika kumi kwa kila jozi, hazipunguki, na kioo chenye uwezo huo kilikuwa kimoja. Dakika kumi hizo tulizidai sisi, tukazigongea Lazima, kwa kuogopa matapeli.

Bi Melania aliwapigia simu wote. Yeye mwenyewe ana pafu letu kifuani, namba tisini, na nilimwona kila akimaliza simu anagusa ubavu wake. Saa tatu kamili jozi ya kwanza iliweka madole kwenye kioo, na hapo ndipo nilipofanya hesabu ambayo kila mtu ukumbini alikuwa ameshaifanya. Saa tatu mpaka saa sita ni dakika mia moja na themanini. Jozi kumi na nane. Jozi ya mwisho haitafikiwa.

Maktaba ina foleni yake na watu wa Masokelo wanaiheshimu kuliko ya hospitali. Aliyetangulia katangulia. Walikaa kwenye viti vya kusomea, mzee na mjukuu, mzee na mjukuu, kila jozi jina moja, na ukumbi ukawa kimya hivi kwamba ulisikia mapafu ya kuazima yakivuta na kutoa. Sijawahi kuogopa sauti ile. Siku hiyo niliiogopa.

Saa tatu na nusu mlango ulifunguka. Mama yangu aliingia polepole, mkono mmoja kwenye mfuko wa pampu, mwingine kwenye bega la somo wake. Nikahesabu viti. Nikahesabu tena, nikianzia upande wa pili, kana kwamba viti vingebadilika.

Walikuwa wa kumi na tisa.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, baba. Mbona umelowa jasho hivyo? Vua hilo koti." Akaketi. Jirani yetu Bi Subilaga, aliyekuwa wa kumi na nane na mjukuu wake muuguzi mwenye jina hilohilo, alimsogezea kiti. Wale kina mama wawili wamefahamiana miaka arobaini. Wakaanza kuulizana habari za mahindi.

Nilirudi kwenye kioo. "Nathibitisha kuwa hawa ni wawili," nikatamka. Jozi ya tatu. "Nathibitisha kuwa hawa ni wawili." Jozi ya nne. Kila nikitamka nilimtazama mwanangu, aliyekuwa akitikisa miguu isiyofika sakafuni, na pampu ya mama iliyokuwa ikiwaka taa ya kijani chini ya kitenge. Niliogopa kiasi kwamba maneno ya watu yalinifikia kwa kuchelewa. Mama yake mtoto, mke wangu, alikuwa zamu ya asubuhi chini ya ardhi, kama watu wazima wengi wenye afya mjini kwetu, na huko simu hazifiki mpaka saa nane. Sikuwa na wa kumwambia hata kwamba naogopa.

Jozi ya kumi na moja walipoondoka, nilisimama.

"Jamani, samahanini," nikasema kwa sauti ya kikao. "Utaratibu wa dharura unataka wenye pampu za moyo watangulie. Yupo mwenye pampu ya moyo?"

Alikuwa mmoja tu. Nilijua kuwa ni mmoja tu.

Bi Melania aliinua uso. "Utaratibu upi, Mkuu?"

"Wa dharura."

"Upo ukurasa gani?"

"Bi Melania, hatuna muda."

Mama yangu hakuinuka. Alinitazama jinsi alivyokuwa akinitazama nikiwa mdogo nikirudi shule bila daftari. "Kuna utaratibu huo, Gwakisa?"

"Upo, mama."

Aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Alimwomba radhi Bi Subilaga kwa kumpita, akaomba radhi kila kiti alichokipita, na watu wale, wanaoweza kuhesabu kama mimi, walikunja miguu wampishe. Akaweka dole lake jembamba kwenye kioo kando ya kidole kidogo cha mwanangu. Dakika kumi. Nikatamka kwamba ni wawili. Skrini ikaandika Tusekile Mwaisaka, ikaandika tena Tusekile Mwaisaka, na mwanangu akapiga kelele, "Baba, moyo wa bibi umerudi kwake!"

Nikapumua. Nilipogeuka, Bi Subilaga alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwisho.

4

Saa sita kasoro robo Bi Melania alinivuta kwenye rafu za majarida.

"Mkuu, kuna uazimaji kwa niaba."

"Najua."

"Pafu moja la wale kina Subilaga likihamishiwa kwenye kadi ya mtu mwingine, kwenye rekodi yao linabaki moja. Halijifungi kitu. Inachukua dakika moja, hata mezani kwangu. Mimi kadi yangu imejaa. Feruzi kadi yake ni ya Pwani. Huku ukumbini wengine wote wamejaa au ni watoto." Akatazama mfuko wangu. "Yako ni tupu."

"Nimesema najua."

Nitasema ukweli, maana nimekwisha kusema uongo wa kutosha. Nililijua hilo tangu saa tatu, tangu ile hesabu ya dakika. Jozi moja itakosa nafasi, na kadi moja tupu ipo ukumbini, mfukoni mwangu. Ningeweza kuwaacha mama na mwanangu kwenye zamu yao na kumaliza jambo mapema. Lakini uazimaji kwa niaba haurudi nyuma. Kifaa cha uhai kinahamishwa kadi mara moja tu, sheria iliwekwa ili watu wasiuziane mapafu. Kadi ikishabeba pafu la mwingine haibebi jingine, hata la mwenyewe. Nina miaka arobaini na minane. Baba yangu alianza kukosa pumzi akiwa na hamsini na moja. Masokelo mtu unaweza kumwomba shamba, unaweza kumwomba hata mtoto akusaidie kazi, lakini humwombi mtu kadi yake tupu. Ni kumwambia akupe pumzi zake za uzeeni.

Ndiyo maana nilitunga utaratibu wa moyo. Niliogopa kumpoteza mama, niliogopa kumpoteza mwanangu, na chini ya hofu hizo mbili za heshima kulikuwa na hofu ya tatu iliyojificha, ya kwangu mwenyewe.

Jozi ya kumi na nane iliweka madole kwenye kioo. Zilibaki dakika kumi kamili. Feruzi alinitikisia mkono niende kwenye skrini.

"Inakuuliza wewe, Mwenyekiti," alisema kwa sauti ya chini. "Kwa Subilaga Mwalwiba. Unaweza kuchagua pafu la kujifunga. Usipochagua, itachukua la zamani."

La zamani lilikuwa la bibi, miaka minne. La mjukuu lilikuwa na miezi miwili. Yule muuguzi alikuwa amesimama nyuma yangu na alikuwa amesoma yote.

"Chagua langu," alisema. "Mimi kijana, naweza kukaa siku moja na mtungi wa hospitali."

"Kaa chini wewe," bibi yake akamkemea. "Mtungi upi? Hospitali yenyewe haina mtungi, unaniambia kila siku." Kisha akanigeukia. Hakuwa na hasira, alikuwa na hofu tu, midomo yake imekauka. "Mwanangu Gwakisa. Huo utaratibu wa moyo, umeandikwa wapi? Nataka kujua tu. Nisife nikiwa na shaka."

Niligeukia skrini. 

"Hakuna utaratibu huo, mama," Bi Melania akajibu kutoka mezani kwake. "Ameutunga."

Ukumbi mzima ulisikia. Sikuthubutu kutazama kiti cha mama yangu, lakini nilisikia anavyoinuka, pumzi, hatua, pumzi. Alikuja akasimama mbele yangu. 

"Umenipitisha mbele ya Subilaga kwa uongo?"

"Mama, mngekuwa ninyi wa mwisho. Ningefanyaje?"

"Sijui ungefanyaje! Mimi si mkutubi!" Sauti ilimkatika. Akapumzika, mkono juu ya pampu. "Kadi yako wewe ina nini?"

"Haina kitu."

"Basi unangoja nini?"

"Naogopa, mama," nikasema. Nilisema mbele ya wasomaji wangu wote, ndani ya suti yangu. "Nitakapofika hamsini sitakuwa na pafu."

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko dakika zilivyoruhusu. Nilidhani atanitukana. Badala yake macho yalimjaa machozi, kwa maana mimi ni mtoto wake, na alikuwa amesikia vizuri nilichosema na anajua ni kweli. "Na mimi naogopa," akasema. "Nenda."

Nikaenda. Zilikuwa hatua sita mpaka mezani kwa Bi Melania na sikumbuki hata moja. Akaweka kadi yangu kwenye kisomeo, akaandika namba ya pafu la Bi Subilaga, mia moja na sitini na tatu. Mfumo ukauliza kama nina hakika. Ukauliza mara ya pili, kwa sababu kamati yetu ilitaka uulize mara mbili kwa jambo lisilorudi nyuma. Laiti tungetaka hivyo kwa kifungu cha arobaini na moja. Niliweka dole gumba. Lilikuwa limelowa, kisomeo kikalikataa. Bi Melania akalifuta kwa ncha ya khanga yake, akalirudisha mwenyewe, akalishikilia pale.

Kadi ikalia mara moja. Imejaa. Nikarudi kwenye kioo, nikatamka kwa jozi ya kumi na nane kwamba ni wawili.

Saa sita ilifika. Kote ukumbini mapafu ya kuazima yalinyamaza kwa nukta moja, kama yanavyofanya kila siku yakipokea neno, na katika nukta hiyo hakuna aliyetazamana na mwenzake. Kisha yakavuta. Yote. La Bi Subilaga lilivuta kwa mkwaruzo, likakohoa, likaendelea.

Watu walilia na kushikana. Muuguzi alimkumbatia bibi yake. Feruzi aliketi sakafuni kati ya maua yake ya uzinduzi akajifunika uso. Mama yangu alimshika somo wake mkono wakatoka, na hakuniaga.

Bi Subilaga alikuja mezani. Nilitegemea ashukuru, na nilimwogopa kwa shukrani hizo kwa sababu sikuzistahili. Hakushukuru.

"Kwa hiyo sasa," alisema, "pafu hili limo kwenye kadi yako."

"Ndiyo, mama."

"Kadi ikiwa hai, na lenyewe hai."

"Ndiyo."

"Na mwenye kadi akifa?"

Bi Melania aliinamisha kichwa akajifanya anapanga karatasi. Kifungu hicho nilikijua kwa namba, na nilijua kwamba mezani kwetu hakuna siku za nyongeza.

"Linajifunga, mama," nikasema.

Alinipima kwa macho, kifua changu, shingo yangu, jasho langu, kama mtu anayekagua mbuzi kabla ya kumnunua. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na ilikuwa baridi.

"Basi usife," akasema, na hakuniachia.